Mtama wa Pimbi Uani kwa Mama Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga nyumba na kuhamahama kama sisi, Pimbi alikuwa na bajaji. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye majabali, mwenye macho ya kuuliza maswali. Bajaji ile ndiyo iliyomlisha mama huyo na wanawe wanne.

Lakini alikopanga hakukuwa na ua. Bajaji ililala barabarani, na Fisi wa mtaa ule hawakuwa na haya hata chembe. Jumatatu wakachomoa kioo. Jumanne wakabeba taa.

"Kesho ni matairi!" akalia Pimbi. "Nisipopata pa kupaki leo, wanangu watakula nini?"

Akamkimbilia Kasuku, dalali wa mji.

"Nyumba yenye pa kupaki? Ipo! Ipo! Ipo!" akasema Kasuku.

Ya kwanza ilikuwa juu ya mti.

"Na bajaji je?"

"Utaipandisha polepole."

Ya pili, pa kupaki palikuwa ndani ya bwawa.

"Kiangazi hukauka," akasema Kasuku bila kupepesa macho. Madalali, jamani!

Ya tatu ilikuwa kwa Mama Kiboko. Chumba safi, ua mpana wa saruji. Pimbi akanyanyua mguu aingie.

"Weee! Maharage yangu!" akafoka Mama Kiboko. "Kwangu chakula kilichoanikwa hakikanyagwi! Mpangaji aliyekanyaga kunde zangu nilimtoa siku ileile, yeye na godoro lake."

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Chumba nimekipenda, nahamia leo. Ila bajaji yangu itakaa wapi?"

"Marahaba. Ua ni wa wapangaji wote. Kaelewane na Nyati, mwenye lori."

Lori lenyewe lilikuwa limelazwa katikati ya ua, mshazari, kama ng'ombe aliyeshiba.

"Shikamoo, mzee Nyati. Naomba usogee kidogo, nami nipate nusu ya ua."

"Nusu? Hata robo sikupi! Nilitangulia mimi."

"Mzee, Fisi wataimaliza bajaji yangu."

"Kwani bajaji ni yangu?" Nyati akacheka, ho! ho! ho! Akawasha lori, ngurrr, akaenda zake sokoni.

Pimbi aliumia, nusura alie. Kisha akayatazama yale maharage pale mlangoni. Akayatazama tena.

"Mama, naomba nianike mtama wangu."

"Anika, mwanangu. Ua ni wako pia."

Basi Pimbi akaleta magunia yake ya mavuno, akamwaga, chwaaa! Akatandaza ua mzima, pembe hadi pembe, hata pa kuweka ukucha pasiwepo.

Alasiri, huyo Nyati karudi. Pooo! Pooo!

"Ondoa takataka zako!"

"Takataka?" Mama Kiboko akatoa kichwa dirishani. "Nyati, chakula ndicho unachokiita takataka? Thubutu ukanyage!"

Nyati akanywea. "Basi Pimbi, utaanua lini?"

"Jua likizama, mzee. Kesho naanika tena. Keshokutwa tena. Na shangazi yangu ana magunia mengine kumi."

Huko nje, hii! hii! hii! Fisi watatu walikuwa wameanza kulizunguka lori. Mmoja alishachuchumaa kwenye tairi, anapima nati kwa meno.

"Pimbi, mwanangu!" Nyati jasho linamtoka. "Nipe nusu! Nusu tu ya ua!"

"Nusu ipi, mzee?"

"Ya kulia! Ya kushoto baki nayo wewe!"

"Leo tu?"

"Siku zote! Fagia upesi, ananyofoa nati!"

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Mama Kiboko. Akatoka na kipande cha mkaa, akachora mstari katikati ya ua, krrr. "Na atakayeuvuka, godoro lake nje."

Pimbi akafagia upande wa kulia, fyu, fyu, fyu. Lori likaingia mbio, Nyati akashusha pumzi.

Ndipo Pimbi akaufagia na upande wa kushoto. Mtama wote ukarudi maguniani. Akatoka, na mara, tu-tu-tu-tu, bajaji hiyo ikaingia, ikakaa upande wake wa mstari.

"Haa!" Nyati akatumbua macho. "Na ule mtama wa kesho? Na wa shangazi?"

"Umekauka, mzee. Jua la leo lilikuwa kali."

Mama Kiboko alicheka mpaka madirisha yakatikisika. Na usiku ule wana wa Pimbi walilala fofofo, na mama yao pia.

Nanyi wanangu mkumbuke: anyimaye nusu akiwa na yote, iko siku ataiomba hiyo nusu.