Chepe la Kukunja na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana punda waliokuwapo wana wajukuu wanaokula mabua ya watu mpaka leo, alikuwako mwanamke kijana akiitwa Holo. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kwa watu wale wa porini mtoto wa kwanza hazaliwi kwa mume. Msichana hurudishwa kwao, akalie uchungu wake mbele ya mama yake mzazi.

Walikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyoleta kizaazaa chote. Mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo anakuwa somo wake, na usomo wa huko haukuwa wa kuitana tu na kuchekeana. Mtoto akiacha ziwa, somo anamchukua. Anakula kwake, analala kwake, anashika tabia zake, mpaka aote meno ya pili. Kwa hiyo kumpa mtoto jina ni kumchagulia mama wa pili. Na jina lilitolewa na mama mzazi kabla kitovu hakijaanguka. Kikianguka kabla, basi, baba anachagua peke yake, na baba wa mtoto huyu, Maganga, alikuwa mtu ambaye ukimuuliza ale ugali au wali anajibu "chochote". Holo alikuwa amekula naye miaka miwili hiyo chochote. Hakutaka mwanawe aingie humo.

Safari ya kwenda kwao ilikuwa ya kukata pori, na wanawake watatu walimsindikiza. Wa kwanza mama mkwe wake, Bi Nyamizi, mwanamke wa maneno machache na vinyongo vingi. Wa pili wifi yake, Kwangu, bintiye Bi Nyamizi, ambaye hajawahi kupita mnadani akatoka mikono mitupu. Wa tatu shangazi yake mwenyewe, Mbuke, aliyekuja kumchukua na mkokoteni wake wa punda. Mbuke alikuwa hodari na alijua kuwa ni hodari, hapo ndipo penye tabu yake.

Uchungu wa Holo haukuanza tumboni. Ulianza siku ya mnada, Kwangu alipotumwa akanunue vitenge vya kumfungia mtoto. Alirudi jua likiwa utosini, kikapu kimejaa upande mmoja.

"Wifi, vitenge viko wapi?"

"Vitenge vipo kila mnada," Kwangu akasema. "Hiki hakipatikani." Akachomoa kitu cha chuma, rangi ya majani mabichi, kimejikunja kama mguu wa panzi.

"Nini hicho?"

"Chepe. La kukunja. Yule muuza mitumba anasema wanajeshi wa huko ng'ambo hawaendi hata msalani bila hilo. Tazama, ukizungusha hii pete linanyooka, unakuwa na chepe. Ukilisimamisha hivi, jembe. Na huu upande una meno, msumeno. Unaweza hata kulikalia."

"Na mtoto nitambeba kwa nini, wifi? Kwa chepe?"

"Tutapita dukani njiani. Usijipandishe presha bure na hali yako hiyo."

Holo akafumba macho. Alikuwa ameambiwa kwamba mwenye mimba akigombana mtoto hutoka na uso wa kununa.

Wakaondoka. Dukani hawakupita, kwa sababu njia ya dukani ndiyo njia inayopita mbele ya nyumba ya mama Kulwa, na Bi Nyamizi na mama Kulwa hawakuwa wakisalimiana. Chanzo kuku. Kuku wa mama Kulwa alipotea, Bi Nyamizi akasingiziwa, akaapa hatapita tena mbele ya mlango ule. Wenye kujua wanasema kuku yule alionekana mara ya mwisho akiingia jikoni kwa Bi Nyamizi, lakini hayo ni ya wenye kujua.

"Geuza punda," akasema. "Tupite korongoni. Ni karibu zaidi."

"Mama Maganga, korongoni kuna mchanga," Mbuke akasema.

"Mchanga unauma? Geuza."

Wakapita korongoni, mto mkavu wa kiangazi, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Hatua chache kabla ya ukingo wa pili, nyasi kavu zinapoanza, gurudumu likazama mpaka kwenye ekseli, mkokoteni ukainama, dumu la maji likaanguka likapasuka. Mchanga ukayanywa maji yote wanawake wanne wakiangalia. Holo akashika mbao za mkokoteni, akasikia kitu kinakatika kiunoni.

"Mama," akamwambia mkwe wake, "nadhani ndiyo saa yenyewe."

"Subiri kidogo."

"Hii haisubiri, mama."

Jua lilikuwa kali na kivuli kilikuwa cha mkokoteni tu. Holo akalazwa chini yake. Midomo yake ikaanza kupasuka kwa kiu, ulimi ukawa mzito, na kila uchungu ulipopita alipoteza nguvu ambayo hakuwa na maji ya kuirudisha. Kwangu akaanza kulia. Mbuke akasema angerudi kutafuta maji, lakini kurudi ilikuwa mbali kuliko uhai wa mtu mwenye kiu.

Bi Nyamizi alitembea juu ya mchanga ule polepole, akikanyaga, akisimama, akinusa. Akafika pale mto unapopinda chini ya mkuyu, akapiga magoti.

"Leteni hilo dude."

Kwangu akalifungua, maana ni yeye tu aliyejua pete inazungushwa upande gani, akalisimamisha bapa likawa jembe. Bi Nyamizi akachimba. Mwanamke yule alikuwa na magoti mabovu, akishuka mkekani lazima ashikwe mkono, lakini siku ile alichimba. Mchanga ukiporomoka anatanua shimo. Ukiporomoka tena anatanua tena. Mwishoni mchanga ukaingia weusi, kisha ukang'aa, kisha maji yakaanza kujikusanya polepole, meupe kama maji ya mchele. Akayachuja kwa ukaya wake wa kichwani, akamnywesha Holo kwa kiganja. Holo alisema baadaye kwamba hajawahi kumpenda mama mkwe wake kama alivyompenda kiganja kile.

Basi na hapo ingetosha. Lakini Mbuke akasema mzazi hawezi kusukuma na tumbo tupu.

"Shangazi, sitaki kula," Holo akasema.

"Hujui unachotaka. Nina karanga hapa."

Sufuria yao moja ilikuwa imejaa yale maji ya kuchimbwa. Mbuke akapanga mafiga ukingoni, penye nyasi kavu, akawasha moto, akaliweka chepe juu akalifanya kikaango. Karanga zikanukia vizuri, tusimnyime haki yake. Ila chepe lile lilikuwa chuma mwanzo mpaka mwisho, mpini nao chuma. Alipolishika alitoe, mkono ukaungua, akalirusha. Karanga zikaenda huku, makaa yakaenda kule, na kule kulikuwa na nyasi na upepo.

"Shangazi," Holo akasema akiwa chini ya mkokoteni, "huo si moto?"

"Ni moto mdogo."

Haukuwa mdogo. Ulisimama ukawa na urefu wa mtu, ukageuka na upepo ukaja upande wao. Mkokoteni ulikuwa wa mbao na matandiko ya mabua, na Holo hakuweza kunyanyuka, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshashuka. Bi Nyamizi akamkumbatia. Kwangu akashika punda. Mbuke akavua kitenge, akafunga nacho ule mpini wa moto, akaingia ndani ya moshi akiwa na gauni la ndani tu. Akaparua nyasi mpaka ardhi ikabaki uchi, ukanda mrefu kati ya moto na mkokoteni, na moto uliporuka ukanda akaupiga mchanga, akaupiga mchanga, akaupiga mchanga. Ulipozima alikuwa hana nyusi, na ngozi ya viganja ilibaki kwenye kitenge.

Na hapo ndipo mtoto alipotoka. Wa kike. Bi Nyamizi alikuwa na wembe mpya amefunga kwenye pindo la nguo, akakata kitovu. Kisha akanyoosha mkono apewe kitenge cha kumfungia mtoto, na wote wakamtazama Kwangu, na Kwangu akatazama mbali. Mtoto alifungwa kwenye mfuko wa unga.

Holo akafumba macho tena, na safari hii hakuyafumbua upesi. Damu ilikuwa inaendelea kutoka kuliko inavyotakiwa. Zahanati ilikuwa karibu na kwa mama yake, ng'ambo ya korongo, na mkokoteni ulikuwa bado umezama. Mikono ya Mbuke ilikuwa haishiki kitu. Magoti ya Bi Nyamizi yalikuwa yamekataa.

Akabaki Kwangu. Aliacha kulia. Akachimba mbele ya magurudumu, akakata matawi kwa meno ya lile chepe, tawi baada ya tawi, akayatandika juu ya mchanga kama ngazi, akawaongoza punda huku akiwatukana kwa majina ya wanaume wote waliowahi kumposa. Mkokoteni ukatoka. Walipofika zahanati nesi alisema wangechelewa kidogo tu, angempokea maiti.

Sasa Holo yuko kwa mama yake, amepona, mtoto ananyonya. Na hao watatu hawajaondoka. Wamekaa mkekani barazani, chepe liko katikati yao, na kitovu kinakauka.

"Bila mimi," akasema Kwangu, "chepe lisingekuwepo. Mngechimba kwa kucha? Mngezima moto kwa mate? Na nani aliutoa mkokoteni?"

"Bila mimi," akasema Bi Nyamizi, "chepe lingekuwa bati. Kuwa nalo siyo kujua pa kulichomeka. Mngechimba korongo zima mkatoa vumbi."

"Bila mimi," akasema Mbuke, akinyoosha viganja vilivyofungwa bandeji, kama alivyokuwa akivinyoosha kwa kila mgeni aliyeingia, "chepe mngelikuta kwenye majivu, na mifupa yenu pembeni."

"Moto uliuwasha mwenyewe, shangazi," Kwangu akasema.

"Niliuwasha nikiwa korongoni. Nani alitupeleka korongoni? Kuku."

"Msimtaje huyo kuku," Bi Nyamizi akasema.

"Na mtoto wa watu amezaliwa kama kilo mbili za sembe kwa ajili ya nani?" akaongeza, akimgeukia bintiye.

"Vitenge vingechimba maji, mama?"

"Mimi mtoto akija kwangu atajua ardhi," Bi Nyamizi akasema.

"Atajua kununa. Akija kwangu mimi atajua kuishi na watu," bintiye akajibu.

"Kwako atauza nguo yake anunue mwavuli wa mbwa," Mbuke akasema.

"Angalau hatarudi bila nyusi."

Hivyo asubuhi, hivyo mchana. Majirani walianza kuja na vigoda vyao. Holo alisikiliza yote kutoka chumbani, mtoto kifuani, mpaka akachoka, akatokea mlangoni.

"Na aliyezaa ni nani?" akauliza. "Chepe?"

Kwangu akasema taratibu, "Hakuna aliyesema hivyo, wifi."

"Tangu mmekaa hapo hakuna aliyeuliza mtoto amelalaje. Basi nitampa jina langu mwenyewe, niachiwe mwanangu."

Mama yake akatikisa kichwa. "Hilo halipo, mwanangu. Jina lako huwezi kumpa. Mama anaye tayari, ni wewe. Huyu lazima awe na mwingine, siku ukiwa haupo."

Neno hilo likamkalisha Holo chini. Siku ukiwa haupo. Alikuwa ameiona siku hiyo kule korongoni, kwa karibu, na kila mmoja wa wanawake wale alikuwa ameisukuma nyuma kwa chuma kilekile. Na kila mmoja, ukifikiri vizuri, alikuwa amemleta karibu nayo kwanza. Akiwatazama alitaka kuwakumbatia wote watatu, kisha awafungie nje.

Usiku ukapita, na asubuhi mama yake akafungua kanga ya mtoto amwogeshe. Ndiyo, kanga, mama Kulwa ndiye aliyempa mpita njia ailete, na Bi Nyamizi alipoiona aligeuza uso ukutani. Kitovu kilikuwa kimebaki kushikwa na kitu chembamba kama uzi wa buibui.

"Sasa, mwanangu. Kikianguka, jina ni la Maganga."

Wanawake watatu wakajaa mlangoni, bega kwa bega, hakuna aliyempisha mwenzake. Mbuke alisahau kunyoosha mikono. Kwangu alikuwa anauma pindo la nguo. Bi Nyamizi alikuwa amesimama na magoti yake yale, hajaomba kiti.

Holo akamnyanyua mtoto. Kwa watu wale jina husemwa sikioni kwanza, mtoto alisikie kabla ya wengine wote. Akamwinamia mpaka midomo ikagusa sikio, akavuta pumzi.

Haya, ninyi mlioketi mkitafuna tu na kusikiliza ya watu, pumzi imeshavutwa na kitovu hakimsubiri mtu. Aliyelileta chepe akasahau nguo, aliyejua maji yalipo akawapoteza njia, au aliyezima moto baada ya kuuwasha? Mtoto ni mmoja, na atakwenda kuishi na mmoja. Je, mngekuwa ninyi Holo, mngetamka jina la nani?