Binti Aliyeambiwa Panda

Hii imezunguka sana kwenye makundi ya wazazi, nami imenifikia bila jina la aliyeiandika. Isome yote, usirukie mwisho. Kisha mtumie mtu mwenye mtoto.

Katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, kule ambako mvua ikishika imeshika, palikuwa na mwalimu wa nidhamu wa sekondari aliyeitwa Ambokile. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Akitokea tu kwenye kona ya jengo, wanafunzi walichomekea mashati bila kuambiwa. Yeye mwenyewe alipenda kulisimulia jambo hilo, hata kwa watu waliokwisha kulisikia.

Nyumbani alikuwa na binti wa miaka tisa, Subilaga. Mtoto yule alikuwa na adabu mpaka majirani wakamwonea wivu baba yake. Akiitwa, "Abee." Akitumwa, ameshafika. Neno "sitaki" halikuwahi kusikika ndani ya nyumba ile, na Mwalimu Ambokile aliamini kwamba hakuna zawadi kubwa zaidi ambayo mzazi anaweza kumpa mtoto.

Sasa, mji ule ulikuwa na tatizo lake. Watoto walikuwa wakichukua pikipiki za baba zao wakati wakubwa wamelala baada ya chakula cha mchana, wanakwenda kuanguka nazo kwenye mashamba ya chai. Kadhaa walivunjika mikono, mmoja akavunjika mguu. Ndipo fundi mmoja wa pikipiki, mwanamke aliyeitwa Tumpe, akaona kwamba kama hawazuiliki, basi bora wafundishwe. Akapata pikipiki mbili ndogo za matope, zile za kimo cha mtoto zenye matairi ya meno, akazifufua kwa vipuri vya kuokoteza. Akaomba uwanja wa zamani wa kufyatulia matofali, wenye kilima upande mmoja na korongo chini yake. Kila Jumamosi asubuhi akawa anafundisha watoto kumi na wawili, nao wakamwita Kocha.

Mwalimu Ambokile alimpeleka binti yake siku ile ile ya kwanza. Alikuwa na hakika kwamba mtoto anayesikia maagizo angejifunza upesi kuliko wote.

Somo la kwanza liliwashangaza wazazi.

"Kabla hujapanda," Kocha aliwaambia watoto, "minya breki ya mkono. Kanyaga ya mguu. Vuta mkanda wa helmeti chini ya kidevu. Kimoja kikiwa kibaya, rudi nyuma hatua moja, useme kwa sauti: Sipandi. Hata kama anayekuambia upande ni mimi."

"Sipandi!" watoto wakapiga kelele, kwa furaha ya watu walioruhusiwa kutukana.

Wazazi waliokuwa kwenye uzio wa uwanja wakacheka. Ambokile hakucheka.

Jumamosi ya pili, Kocha alimvalisha Subilaga helmeti, akauacha mkanda ukining'inia makusudi. "Haya, panda," akamwambia. Mtoto akagusa kidevu chake, akarudi nyuma hatua moja, akafungua mdomo. Kule kwenye uzio baba yake akakohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja tu, kile alichozoea kukitoa shuleni kwenye kona ya jengo. Subilaga akafunga mdomo, akapanda.

Kocha akamshusha, akamfunga mkanda vizuri, kisha akaenda hadi kwenye uzio.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba umwache anikatalie."

"Kocha, wewe mfundishe gia. Adabu nimeshamaliza mimi."

"Siku moja atakutana na breki mbovu, Mwalimu, na mtu mzima atakuwa amesimama pembeni anamharakisha."

"Mtoto wangu hamkatalii mkubwa. Na akianza, nitajua ameyatoa hapa."

Kwenye ufundi wake Kocha alikuwa amekutana na nati nyingi zilizoshika kutu, na hakuwa na tabia ya kuzilazimisha. Akarudi kwa watoto.

Subilaga akaendelea vizuri kupita wote. Alikunja kona bila kutetereka, alisimama juu ya mstari wa chokaa kama aliyepimwa kwa rula. Baba yake kichwa kikamvimba. Aliyemkera ni mtoto mmoja tu, Gwakisa, mwana wa mama muuza viazi. Huyo alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Kila akiambiwa jambo, "Kwa nini?" Akijibiwa, "Na kama ikiwa hivi?" Mama yake alikuwa ameshachoka, anamwangalia tu.

"Mama Gwakisa," Ambokile alimwambia siku moja, "niletee huyo shuleni kwangu wiki moja tu."

"Mchukue hata mwezi, Mwalimu," mama akajibu, na hakuwa anatania.

Jumamosi ya sita ilikuwa ya mtihani. Atakayefaulu vizuri kuliko wote angevaa jezi nyekundu na kuongoza wenzake kwenye maonyesho ya wilaya. Mwalimu Ambokile alikuja na koti la suti. Asubuhi yote watoto wakazunguka kwenye tope. Subilaga hakukosea hata kidogo. Gwakisa aliangusha ndoo mbili za alama, kisha akauliza kwa nini zimewekwa pale. Ambokile akatoa simu, akaanza kuwaandikia walimu wenzake.

"Bado zoezi moja," Kocha akasema. Akawapeleka watoto wote nyuma ya banda lililokuwa pale uwanjani, wasione wala kusikia. Pikipiki moja akaisimamisha mahali tambarare, mbali kidogo na ule mteremko wa kwenda korongoni. "Sasa kila mzazi atamwita mtoto wake mwenyewe. Atamwambia apande, ashuke kilima haraka, mvua inakuja. Maneno hayo tu, asiongeze."

Wingu kweli lilikuwa limetanda. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Wa kwanza alikuwa Mama Gwakisa. Wazazi wengine walibaki kwenye uzio, mbali, wanatazama. Walimwona Gwakisa akija, akainama kwenye usukani, kisha akarudi nyuma. Mama yake akaonyesha kilima kwa mkono. Mtoto akatikisa kichwa. Mama akapandisha sauti, mtoto naye akapandisha yake, na neno moja likafika mpaka uzioni: "Sipandi!"

Mama yake alitamani ardhi impasukie. Kocha akamnong'oneza kitu, na yule mama akaketi juu ya tofali. Ambokile akatikisa kichwa kwa masikitiko, ingawa moyoni alikuwa anastarehe. Mbele ya watu wote, mtoto anamkatalia mama yake! Akavuta koti likae sawa, maana zamu yake ilikuwa imefika.

"Subilaga!"

"Abee, baba."

"Panda, ushuke kilima haraka. Mvua inakuja."

Mtoto akaenda kwenye pikipiki. Akaminya breki ya mkono. Akakanyaga ya mguu. Halafu akasimama, akamtazama baba yake. Akaminya tena, akamtazama tena. Macho yake yalikuwa makubwa ndani ya helmeti.

Ambokile aliyaona macho yale, akadhani mtoto anahofia kilima. Akakumbuka Mama Gwakisa juu ya tofali na watu wote uzioni.

"Nimesema panda."

"Ndiyo, baba."

Akapanda. Akapiga kiki. Pikipiki haikuwaka. Akapiga ya pili, ya tatu. Kimya.

"Mbovu hii," Ambokile akasema kwa hasira. "Mtihani gani huu wa pikipiki mbovu?"

Kocha alikuwa ameshashika usukani tangu mtoto alipopanda. Akamshusha Subilaga chini, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli yake, akatoa plagi ya pikipiki ile, akaiweka kwenye kiganja cha Mwalimu.

"Niliichomoa kabla ya zoezi hili, na breki nikazilegeza," akasema. "Isingewaka hata ingepigwa kiki mpaka jioni. Sasa minya breki."

Ambokile akaminya. Kishikio kikaenda mpaka mwisho bila kukutana na kitu. Akaminya tena kwa nguvu zaidi. Akakanyaga ya mguu, nayo ikazama. Akainua macho akautazama mteremko, kisha korongo.

"Subilaga, ulijua hazishiki?"

"Nilijua, baba."

"Ulijua ukapanda?"

"Ndiyo, baba."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana." Mtoto akaanza kulia. "Lakini ni wewe uliyesema."

Mwalimu Ambokile alipiga magoti kwenye tope na suti yake, akamkumbatia binti yake, na waliokuwa uzioni wakageuka kutazama kwingine.

Zoezi likaishia hapo, na jezi nyekundu alipewa Gwakisa, ambaye aliuliza kwa nini si ya bluu.

Watu walipoondoka, Ambokile alimfuata Kocha bandani. "Naomba arudie mafunzo yote."

"Yeye kuendesha anajua, Mwalimu. Sasa nakuhitaji wewe."

Wakaanza upya Jumamosi iliyofuata, watatu peke yao. Kocha alichomoa plagi na kulegeza breki waziwazi, mbele ya wote wawili, na kazi ya baba ikawa kuagiza. Alisema, "Panda," na mtoto, aliyekuwa ameona kila kitu, akapanda. Wakamshusha, wakamweleza kwa upole kwamba anaruhusiwa kukataa. Akaitikia vizuri sana, "Ndiyo, baba." Alipoambiwa tena, akapanda tena. Jumamosi ya pili ikawa vile vile. Ambokile hakuwahi kujua kwamba kazi yake ya miaka tisa ilikuwa imekaa ndani kiasi hicho, na kila mara mtoto alipopanda, alijisikia vibaya kuliko mara iliyotangulia.

Jumamosi ya nne kulikuwa na manyunyu. Wazazi wengine wanne walikuwa wamekuja kuandikisha watoto wao, wamesimama uzioni.

"Subilaga, panda."

Mtoto akaminya breki. Akakaa na mkono wake pale. Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kama anayesubiri fimbo, midomo ikacheza.

Ambokile alisikia masikio yakimwaka moto. Hasira ile ya zamani ilimpanda kifuani, akaimeza, naye hakuwahi kumeza kitu kigumu kama hicho. Wale wazazi uzioni walikuwa wanamtazama.

"Sijasikia, mwanangu," akasema. "Rudia kwa sauti, na wale pale wasikie."

Funzo: Mtoto aliyefundishwa kutii tu atakutii hata siku unayomtuma kwenye hatari bila kujua. Mfundishe kukuambia hapana, na siku akikuambia, mshukuru.