Kwa Nini Mkeka wa Baraza Una Ukili Mweusi

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia akasinzie mbali nami. Zamani sana sheria za Wambwera zilisukwa kwa ukindu. Kila sheria ilikuwa ukili mmoja, yaani utepe mmoja uliosukwa, na kili zote zilishonwa pamoja zikawa mkeka wa baraza. Mkeka huo ulikuwa mweupe kote, na wazee waliukalia walipoamua mambo ya watu.

Katikati palikuwa na ukili wa Jumbe Sengasu. Huo ulisema kwamba atakayemhoji Jumbe afukuzwe, na jina lake lisitajwe tena na mtu yeyote, hata mkewe. Siku moja Kiondo aliuliza nafaka ya ghala la njaa imekwenda wapi. Akatolewa kijijini kwa mikuki, asirudi. Mkewe, Namkunda, ndiye aliyekuwa mshonaji wa mkeka. Masikini, kila ulipochakaa aliutia sindano ukili uleule uliomnyima mume, na jina la Kiondo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumbe akafa. Watu wakashangilia, wakataka sheria ile ing'olewe. Namkunda akaufumua ukili, akaunganisha kili za kando hata mshono usionekane. Semboja, aliyekuwa mkuu wa walinzi wa Jumbe na sasa ndiye msemaji wa baraza, akasema kwa bashasha, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Haya, tandikeni!"

Wakatandika, mkeka ukajikunja. Wakautandika tena na kuugandamiza kwa mawe. Ukajikunja na mawe yake, ukawabwaga chali wazee waliokuwa wameukalia. Wengine walicheka, kisha kicheko kikawakauka, maana hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Watu wakarudi nyuma.

"Mama, umeshona vibaya," akasema Semboja.

"Nimeshona vizuri, baba. Tumeiondoa sheria, lakini walioliwa nayo hatujawauliza neno." Namkunda akawageukia watu wote. "Mume wangu anaitwa Kiondo. Nataka kujua alipolala."

Namkunda akauchukua ukili uliofumuliwa, akauzika kwenye tope la kutilia rangi mpaka ukaiva weusi, akaurudisha mahali pake. "Hii si sheria tena," akasema. "Ni mahali pangu pa kuuliza." Akaketi juu yake, mkeka ukiwa umejikunja huku na huku.

Semboja aliutazama mkeka, akamtazama mjane, akasema, "Mkuki ulikuwa wangu, mama. Yuko chini ya mwamba, kwenye kivuko cha mto Ruhe."

Alipokuwa akisema, mkeka ulianza kulala, polepole, bila mkono wa mtu, mpaka ukanyooka wote. Watu wakapiga magoti. Hata mimi hapa ninaposimulia mwili unanisisimka. Semboja akavuliwa usemaji, akaongoza njia hadi kivukoni, akamfukua Kiondo kwa mikono yake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo, mkeka wa baraza la Wambwera una ukili mweusi katikati. Sheria haifumuliwi mpaka walioumizwa nayo waketi hapo waseme, na waliowaumiza wawajibu mbele za watu. Msemaji hungoja mpaka wamalize, hata mvua ikinyesha. Na kabla ya neno lolote, aliyepotea hutajwa kwa jina lake, kwa sauti, na baraza zima huliitikia.