Wimbo Ambao Simu Haikuujua

Kibanda cha Jibu kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, kimebanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Ndani mlikuwa na meza, taa yenye kioo cha kukuza, bisibisi nyembamba kama sindano, na mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye hakuna simu iliyowahi kumshinda. Watu walimwita Jibu kwa sababu kila aliyefika na swali aliondoka na jibu, pengine kabla hajalimaliza swali lenyewe. Jina lilimkaa vizuri, naye alilivaa kwa maringo.

"Mimi huulizwa," alipenda kusema, "siulizi."

Akikwama, aliinamia meza na kuchokonoa hadi kitu kikubali, kwa hiari au kwa shari. Hivyo ndivyo alivyoishi, mpaka baba yake alipopatwa na kiharusi.

Mzee huyo alikuwa fundi rangi. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Kiharusi kilimwachia miguu, kikamnyang'anya mkono wa kulia na maneno yote. Akitaka maji alisema, "Ta, ta, ta." Akitaka dirisha lifunguliwe, ilikuwa "ta, ta, ta" ileile. Asipoeleweka, machozi yalimlengalenga, akageukia ukutani. Kufikia mwezi wa pili alikuwa amekata tamaa. Hata kijiko cha supu kikimkaribia alifunga mdomo. Jibu, aliyefufua simu zilizozama kwenye ndoo za maji, alikaa kando ya kitanda akiwa hana la kufanya, moyo ukimwuma kama jino bovu.

Kitu kimoja tu hakikuchukuliwa. Kila asubuhi mzee alipokandwa mkono, alivumisha wimbo mmoja mfupi, mtamu, bila kukosea hata mahali pamoja. Midomo ilifungwa, lakini wimbo ulitoka mzima.

Siku Jibu alipompeleka hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya kuzungumza aliusikia wimbo ule akaweka kalamu chini.

"Maneno yake mnayajua?"

"Bado," alijibu Jibu. Neno "hapana" lilikuwa gumu kwake.

"Yatafuteni. Maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayapiti njia moja kichwani. Njia moja imeziba, nyingine huenda iko wazi. Mkiimba naye wimbo anaoujua kwa moyo, anaweza kuanza kutamka. Lakini msikawie. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida, naye naona anazidi kunywea."

Jibu alitoka hospitali akitabasamu. Wimbo tu? Si kulikuwa na programu ya simu inayosikiliza wimbo na kukutajia jina lake, mwimbaji wake na maneno yake kufumba na kufumbua?

Kesho yake asubuhi aliiweka simu karibu na midomo ya baba yake. Duara likazunguka, likazunguka, kisha likaleta wimbo wa vijana wa mjini waliokuwa wakifoka kama waliokanyagiwa vidole. Mzee alishtuka. Jibu akajaribu tena. Safari hii likaja tangazo la magodoro. Mara ya tatu simu ikaandika: "Hakuna kilichopatikana. Sogea karibu na chanzo cha sauti."

"Nisogee wapi tena," alinong'ona Jibu, "niingie mdomoni?"

Hakukubali kushindwa. Alipakua programu ya pili, na ya tatu. Aliifungua simu yake, akaing'oa maikrofoni na kutia mpya. Alimrekodi baba yake, akaipeleka sauti kibandani na kuichuja kelele. Jibu likawa lilelile. Siku zikayoyoma, mzee akazidi kukonda.

Wakati huo wote, mtu wa tatu ndani ya nyumba alipita kimya akiwa na beseni na taulo. Huyo alikuwa mama wa kambo wa Jibu. Mama mzazi wa Jibu alifariki binti akiwa hajaota meno. Baba akamlea peke yake hadi alipotimiza miaka kumi na mitatu, ndipo akaoa tena. Wiki ya kwanza tu, Jibu alimsimamisha bibi yule mlangoni akamwambia, "Mambo yangu na baba usiyaingilie." Bibi akaitikia, "Haya, mwanangu," akalishika neno lile kwa miaka ishirini na moja. Walisalimiana, walikula meza moja, hawakugombana kamwe. Lakini Jibu hakuwahi kumwomba hata chumvi.

Mwishowe Jibu aliamua kuwachezea wateja sauti ile, ila kwa ujanja, ili isionekane anauliza. "Leo kuna chemsha bongo," alisema. "Atakayeutaja wimbo huu namsafishia simu bure." Kinyozi akakisia, muuza viatu akakisia, wote wakakosa. Mwalimu mstaafu wa kwaya, aliyekuja kubadilisha kioo cha simu, alisikiliza mara mbili akiwa amefumba macho.

"Nani huyu anayevumisha?"

"Baba."

"Basi huu hautaupata humo kwenye simu, binti. Haukurekodiwa popote. Huu ni wimbo wa nyumbani. Katunga mtu kwa ajili ya mtu. Umemwuliza anayeishi naye?"

"Anaishi na mimi."

"Peke yenu?"

Jibu aliinamia bisibisi zake. Mwalimu akachukua simu yake akaenda zake. Lakini swali lile lilibaki kibandani. Kabla ya adhuhuri alikwisha kufunga mlango.

Alimkuta mama wa kambo uani, akikamua shuka za mgonjwa. Jibu alisimama, akashika mwisho mmoja wa shuka, wakaikamua pamoja, huku akiyatafuta maneno kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. 

"Mama," alisema hatimaye. Bibi yule alisita. Neno hilo hakuwahi kuitwa na binti huyu. "Mama, nataka kukuuliza kitu. Ule wimbo wa baba, wa asubuhi... unaujua?"

"Naujua."

"Na maneno yake?"

"Yote."

"Na siku zote hizi unaniona nahangaika na simu!"

"Nilidhani unamrekodi ili ubaki na sauti yake," alisema bibi taratibu. "Hukuniambia unatafuta maneno, mwanangu. Na ulinikataza nisiingilie mambo yenu. Wimbo ule ni mambo yenu hasa."

"Vipi, yetu?"

"Alikutungia wewe. Alipofiwa hakuwa na wa kumwachia mtoto, akawa anakwenda nawe kazini. Alikuweka ndani ya ndoo tupu ya rangi, akapanda ngazi, na kila ulipolia akakuimbia kule juu. Alinisimulia mwenyewe tulipooana. Alisema, 'Tangu aanze shule kanikataza nisimwimbie, ati kakua.' Akaniimbia mimi, ili wimbo usipotee."

Jibu alikaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji. Alilia kama mtoto, na mama yake wa kambo akamfuta uso kwa pembe ya khanga. Kisha wakainuka wakaingia ndani pamoja.

Mzee alikuwa amegeukia ukutani. Bibi akaketi upande mmoja wa kitanda, Jibu upande wa pili, na bibi akaanza kwa sauti ya chini:

"Tulia ndooni, kibibi, tulia,
baba yu juu, atashuka;
ukuta huu nikishamalizia,
nyumbani tutafika."

Mzee aligeuka. Waliimba mara ya pili, Jibu akijikwaa kwenye maneno. Mara ya tatu midomo ya mzee ilianza kutikisika, ikatoa mvumo, kisha pumzi, kisha, kwa sauti ya kukwaruza: "...tu...lia."

"Baba!"

"Tulia," aliimba mzee, wazi kabisa, huku jasho likimtoka. Mkono wake wa kushoto ukapapasa shuka hadi ukakipata kichwa cha binti yake. "Ki...bibi. Tulia."

Hakupona siku ile, wala maneno yote hayakurudi. Lakini mtaalamu alisema mlango umefunguka, na kila wiki walipitisha neno jipya kwa njia ya wimbo: maji, dirisha, supu, asante. Mzee akaanza kula. Asubuhi wanawake hao wawili walimkanda mkono na wote watatu wakaimba pamoja, na Jibu akawa anachelewa kufungua kibanda, kwa kuwa kila siku alikuwa na jambo jipya la kumwuliza mama yake kabla ya kuondoka. Ajabu ni kwamba hakuna aliyemwona amepungua kwa hilo. Yeye mwenyewe alijiona ameongezeka.

Alitafuta mwezi mzima kwa mashine kitu kilichokuwa chumba cha pili, kikingoja aulize tu. Ama kweli, kuuliza si ujinga.