Ukili wa Bi Mwanamvua

Nikiita "Zamani!", nanyi itikieni "Ilikuwapo!" Zamani!

Ilikuwapo, wajukuu zangu, tena mbali sana, enzi ambazo punda alisalimiwa kabla ya jumbe, naye punda ndiye aliyeistahiki salamu. Katika kijiji cha Ukinduni aliishi mjane, Bi Mwanamvua, mama wa watatu: Vuai, Mcha na binti mmoja, Mwanate. Aliwalea wakaleleka, aliwalisha wakashiba. Walipoota ndevu wenye ndevu, na maringo wote, wakahamia mji wa Maghorofani.

Siku ya kuhama, mama alisimama kizingitini mpaka vumbi la safari yao likatua. Majirani wakaja kumpa pole kana kwamba amefiwa, na kwa kuwa walikwisha kuufanya msiba, wakaunywa uji wake wote. Msicheke. Hao ndio babu zenu.

Waliposhiba wakaondoka. Bi Mwanamvua akavuta chane za ukindu, yale majani yaliyochanwa membamba, akaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ukawa mkeka. Akatia chane, akakunja. Akatia chane, akakunja. Kifua kilichombana kikalegea, na nyumba iliyonyamaza ikapata mwendo wa vidole. Ukili ukarefuka, akauviringa. Akatia chane, akakunja, bunda likakipita kitanda kwa kimo. Majirani wakanong'ona kwamba bibi anasuka kamba ya kuwavutia wanawe. Alichotaka ni kimoja tu: wanawe waje, waketi naye mpaka kahawa ipoe.

Wakaja. Mnadhani waliikumbuka kahawa? Walikuja kwa kuwa Vuai alikuwa anaoza binti, na huko Maghorofani, pamoja na ngazi zao zote, biarusi asiyekanyaga mkeka wa bibi yake huchekwa. Wakasimama uani, wamekusanya nguo zao zisiguse vumbi lililowalea.

"Mama, tumefuata mkeka," akasema Vuai.

Desturi ya Ukinduni ilikuwa mmoja asuke, kisha ukoo uketi ushone. Mama akawaonyesha lile bunda.

"Ukili huu hapa, wanangu. Ketini tuushone. Kahawa iko jikoni."

"Tungeketi, mama," akasema Mwanate, akilitazama jamvi lililotandikwa uani, "ila hariri hii inashika uchafu."

"Mjini kuna mafundi," akadakia Mcha. "Tupe tu."

Akawapa. Njiani wakagombana nani aingie mjini amelibeba bunda, aonekane. Mcha akachomoa jambia lake la mapambo, lililokuwa halijakata hata papai, wakaukata ukili mapande matatu. Sikilizeni upumbavu huo! Mtoto wa Ukinduni angali anatambaa anajua kwamba ukili ukikatwa pasipo kufungwa ncha, hufumuka. Wakatembea, ukafumuka; wakaharakisha, ukafumuka. Walipofika lango la mji, kila mheshimiwa alikuwa amekumbatia majani, kama anayekwenda kulisha mbuzi.

Wakarudi mbio Ukinduni, hariri na vumbi vikiwa kitu kimoja.

"Mama, umetupa ukili mbovu," Vuai akasema.

"Niliwapa mzima. Nani aliyeukata?"

Mcha akalificha jambia lake mgongoni.

"Suka mwingine, mama," akadakia Vuai. "Harusi ni keshokutwa."

"Basi ketini, mnichanie ukindu."

"Hatuna nafasi."

Bi Mwanamvua akamtazama mwanawe wa kwanza, akayarudisha macho kwenye ukili mpya aliokwisha kuuanza.

"Haya, msichelewe harusi, baba."

Wakaondoka. Biarusi akapitishwa juu ya jamvi la kuazima, la kuanikia mpunga, punje zikamganda nyayoni, na Maghorofani wakacheka ngazi hata ngazi.

Na mama? Safari hii hakusimama kizingitini. Alikuwa amefika pahala pa kuunga chane mpya, na hapo mkono hauachii. Vumbi likatua lenyewe, pasipo mtu wa kulitazama. Akatia chane, akakunja. Kisha akamimina kahawa, akainywa ingali moto.

Nanyi mtahama, naiona miguu yenu inavyowawasha. Hameni. Ila siku mtakaporudi, rudini kuketi. Mkija kubeba tu, mtabeba majani.

Kisa nimekisuka, ncha nimeifunga. Atakayekikata, kimfumukie mikononi.