Daraja la Mheshimiwa Kiboko

Sogeeni karibu. Kwanza apeni: kidole ulimini, kisha juu mbinguni, neno hili halitoki hapa. Aliyenihadithia naye aliniapisha hivyohivyo, na kiapo changu kilifika mlangoni kwa jirani tu. Basi sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na vyungu vyao jikoni, Mheshimiwa Kiboko alikuwa mjumbe wa Baraza la Mwitu tangu nyanya zenu hawajatoboa masikio. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka gunia la mtama katika ghala la wote, na kila mjumbe aliruhusiwa kutenga fungu kwa kazi ya watu wake. Alichomeka jani juu ya magunia, akaitaja kazi, basi. Fungu lenye jani haliguswi wala haliulizwi.

Kiboko alichomeka jani mavuno saba mfululizo. Kila mara alisema ni la daraja. Magunia yalibebwa na fundi wake, Ngiri, na daraja halikuonekana.

Aliyelingoja kuliko wote ni Pimbi, yule mdogo wa mapangoni. Mama yake mgonjwa aliishi ng'ambo ya mto. Masika yaliyopita mto ulifurika, bibi wa watu akakaa siku kumi bila wa kumpelekea uji. Na sasa mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika tena.

Ukaja msimu wa kura. Ngiri akaandaa karamu ya kumpigia debe Kiboko, mitungi ishirini ya togwa ya mtama, kunywa mpaka uchoke. Pimbi alionja, akalamba midomo, akaanza kujiuliza. Ngiri hana shamba hata la kufukia mbegu ya boga. Mkewe kila jioni yuko kwa majirani anaomba mboga. Mtama huu wote umetoka wapi?

Akaenda jikoni. Akamsifia mke wa Ngiri kanga yake, akamsifia na mkono wake wa mapishi, kisha akauliza polepole kama mtu asiyetaka kujua.

"Mtama hautuishii, shoga," akasema mke wa Ngiri huku akikoroga. "Kila mavuno unaletwa, na majani juu. Nusu yetu, nusu ya Mheshimiwa. Sisi tunawapikia watu wake, yeye anatukumbuka akirudi Barazani."

Mh! Pimbi akawaza. Akisema, nani atamwamini pimbi mbele ya kiboko? Akarudi ukumbini, akapanda juu ya mtungi.

"Mheshimiwa, watu wa ng'ambo wako tayari kukupa kura zao. Wanataka wakuone ukifungua daraja tu. Desturi unaijua: mwenye daraja huvuka wa kwanza."

Wa ng'ambo hawakusema chochote. Hayo alijitungia mwenyewe.

"Kura zao zote?" Kiboko akauliza.

"Zote. Mpaka za kanga na vifaranga vyao."

Tamaa ikamziba Kiboko macho. "Siku tatu," akasema. Ngiri akapaliwa na togwa.

Siku tatu Ngiri alizungushia makuti pale mtoni, asichungulie mtu. Pimbi alijua Kiboko atatoroka kwa aibu. Lakini siku ya nne makuti yalipoondolewa, lo, daraja hilo! Nguzo mbili nene zimekandikwa udongo vizuri, magogo yamelazwa juu. Pimbi akajikuna kichwa. Kumbe amemsingizia mtu wa watu?

Mwitu mzima ulikuwepo. Kiboko, kilemba kichwani, akahutubia mpaka watoto wakasinzia. Pimbi hakusikiliza. Alikuwa akiwatazama kware wanne waliokuwa wakidonoa chini ya nguzo. Wanadonoa, wanameza, wanarudi. Kware na udongo wapi na wapi?

"Simama katikati, Mheshimiwa," akaita, "tukuone vizuri."

Kiboko akapanda. Hatua moja. Mbili. Katikati, akapunga mkono.

Kwaa! Nguzo ikapasuka. Chururururu, mtama ukamwagika kama maji, magogo yakafuata, na Mheshimiwa akaanguka pu! kwenye lundo la magunia, mtama puani, mtama kilembani, mtama mdomoni.

Kisha Mama Kobe akajikokota mpaka ukingoni.

"Gunia langu lile," akasema. "Kiraka kile nilikikata kwenye gauni langu."

Kila mtu akaanza kulitambua lake. Pimbi akauliza kwa adabu kama hapa ni darajani au ni ghalani. Kiboko, bado amekumbatia gunia, akamgeukia Ngiri.

"Nilikwambia ujenge kwa mawe!"

"Siku tatu, Mheshimiwa!" Ngiri akalia mbele ya watu wote. "Mawe ningeyatoa wapi? Kwako palikuwa na mtama tu!"

Ukialikwa karamu ya bure, uliza kwanza kinachopikwa ni cha nani.