Kura Aliyoiacha Jikoni

Wahenga waliposema mdharau mwiba mguu huota tende, hawakuwa wakizungumzia miguu tu. Laiti Orville Halvorsen angewasikia! Bwana huyu wa Minnesota alianza kwa kupasua magogo kwa msumeno wa mkono, akaishia kumiliki kiwanda cha mbao kilichoajiri nusu ya mji. Juu ya hayo alikuwa seneta wa jimbo kwa miaka kumi na sita. Safari hii mshindani wake alikuwa Darlene Pruitt, mpishi wa shule.

"Mpishi!" Orville alicheka hadi machozi yakamtoka. "Atatutungia sheria ya supu?"

Jumanne ya uchaguzi kulikucha theluji ikianguka. Mkewe, Verna, alimngoja mlangoni, koti mwilini na buti miguuni.

"Orville, nipitishe nikapige kura."

"Kwenye theluji hii? Jioni watu mia wanakuja kusherehekea, na pai hata moja hujaoka!"

"Pai zitangoja. Kura haingoji."

"Kura yako moja itaongeza nini, mke wangu? Yule mpishi nimeshammaliza!"

Verna alivua buti. Siku hiyo alioka pai kumi na mbili za tufaha.

Usiku matokeo yaliposomwa, hakuna aliyekumbuka kula. Kura zilikuwa sawasawa! Zilihesabiwa upya kwa siku tisa, zikabaki vilevile. Kwa sheria yao, wagombea wakilingana hupigiwa kura ya bahati. Basi karani wa uchaguzi akatia vikaratasi viwili vyenye majina kwenye bakuli, mbele ya umati, akafumba macho na kuchomoa kimoja.

"Darlene Pruitt!"

Orville alipigwa na butwaa. Miaka kumi na sita imekwenda na kikaratasi! Aliwageukia wafuasi wake kwa ghadhabu.

"Mtu mmoja! Nilipungukiwa na mtu mmoja tu! Ni mvivu gani wa kwetu aliyekaa nyumbani siku ile? Ajitokeze nimwone!"

Watu walitazamana. Ndipo Verna, aliyekuwa amesimama ubavuni pake, alipoinua mkono.

"Ni mimi, Orville. Nilikuwa naoka pai."

Orville alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, kisha akaketi palepale sakafuni, mbele ya waliompigia kura na wasiompigia. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.